Uzamili wa Anthropolojia ya Utamaduni Ughaibuni: Panga Safari Kuanzia Uwandani

Wahitimu wengi wa Iringa na Mbeya wanaponijia kuulizia uzamili wa anthropolojia ya utamaduni nje ya nchi, huanza kwa kutaja nchi wanayoitamani. Mimi huwaomba waiweke nchi pembeni kwanza. Katika taaluma hii, inayochunguza maisha na desturi za watu, mwanafunzi hupimwa kwa kazi yake ya uwandani, yaani kukaa na watu, kushiriki shughuli zao na kuandika anayoyaona na kuyasikia. Kwa hiyo kila uamuzi mwingine, kuanzia chuo hadi viza, unapaswa kupangwa kwa kuutazama uwanda huo. Utaratibu ufuatao unahitaji kuanzwa takribani mwaka mmoja na nusu kabla ya kuondoka.

Hatua ya kwanza: pata swali

“Utamaduni wa Wahehe” ni mada, tena pana mno. Swali hutoka kwenye jambo dogo linaloonekana kwa macho. Chukua ulanzi, pombe itokanayo na utomvu wa mwanzi uitwao mlanzi. Msimu wa mvua mgemi huchonga ncha ya chipukizi la mlanzi asubuhi na jioni, na utomvu hudondokea kwenye mbeta, chombo cha mwanzi, aliyoifunga hapo. Sasa uliza: mgemi asiye na milanzi yake hupataje haki ya kugema kwenye kichaka cha jirani, na haki hiyo huishia wapi mwenye kichaka anapofariki, au shamba linapouzwa kwa mtu anayetaka kupanda parachichi? Hapo umegusa ujirani, urithi, ardhi na soko bila kulitaja neno utamaduni hata mara moja. Andika ukurasa mmoja tu: swali lenyewe, mahali, watu utakaokaa nao, na unachotarajia kukishuhudia. Ukurasa huo ndio utakaokuwa kiini cha barua yako ya maombi, na ninaamini una uzito kuliko aya tano za kusifu chuo.

Hatua ya pili: soma waliotangulia katika nyanda zetu

Nyanda za Juu Kusini si ukurasa mtupu katika taaluma hii. Miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wa muda mrefu kwa Wanyakyusa wa Rungwe, wakisaidiwa na wenyeji kama Leonard Mwaisumo, karani ambaye mchango wake ulichelewa sana kutambuliwa na wanataaluma. Mwaka 1935 ilichapishwa kazi ya mwanaanthropolojia Gordon Brown na ofisa wa utawala Bruce Hutt kuhusu Wilaya ya Iringa, ambamo maarifa juu ya Wahehe yalikusanywa waziwazi ili yaisaidie serikali ya kikoloni. Mwanafunzi anayetoka kwetu anapaswa kuzisoma kazi hizi kwa makini na kwa kuhoji: nani aliulizwa, nani hakuulizwa, na majibu yalikwenda kwa nani. Wazee wengi wa Iringa wanajua kwamba fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilipelekwa Ujerumani na kurejeshwa Kalenga mwaka 1954, kwa hiyo usishangae mzee akikuuliza unachukua nini na utakirudisha lini. Ni swali la haki, na uwe na jibu.

Hatua ya tatu: chagua muda wa kozi kabla ya jina la chuo

Hapa ndipo mipango mingi huharibikia. Nchini Uingereza uzamili huchukua kwa kawaida mwaka mmoja, na muda wa tasnifu huangukia Juni hadi Agosti. Miezi hiyo Mufindi na Njombe ni baridi na kiangazi. Ugemaji wa ulanzi umekwisha. Mwenye swali la ulanzi akichagua kozi hiyo atahoji watu juu ya jambo ambalo hatalishuhudia likifanyika, na huo si uchunguzi shirikishi. Kozi za miaka miwili, zilizo za kawaida Ujerumani na Norwei, huacha nafasi kubwa zaidi ya kupanga uwanda ufuate msimu. Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, kwa mfano, kina idara iliyoasisiwa na mwanaanthropolojia Fredrik Barth, na mkazo wake kwenye kazi ya uwandani unafahamika. Lakini kama swali lako linahusu misiba, au akina mama wa vikoba, jambo ambalo halingoji mvua, mwaka mmoja unaweza kutosha.

Afrika Kusini pia isisahauliwe. Monica Wilson alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na maktaba ya chuo hicho inahifadhi karatasi zake na za mumewe, zikiwemo za utafiti wa Rungwe. Ila vyuo vya huko kwa kawaida hudai mwaka wa nne wa shahada kabla ya uzamili, hivyo mwenye shahada yetu ya miaka mitatu aulize mapema.

Unapotafuta kozi, tafuta pia kwa jina la anthropolojia ya jamii, kwa kuwa Uingereza na Norwei hutumia zaidi jina hilo. Kisha angalia walimu: kama hakuna hata mmoja anayeandika juu ya Afrika au juu ya mada yako, endelea mbele.

Hatua ya nne: fedha

Soma masharti hadi mstari wa mwisho. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka miwili, na humtaka mfadhiliwa arudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Norwei ilianza kuwatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2023, kwa hiyo ushauri wa zamani kwamba kusoma huko ni bure haufai tena. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, vilipo vyuo vya Heidelberg, Freiburg na Tübingen, linalotoza euro 1,500 kwa muhula. Hata pasipo ada, asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu katika akaunti maalumu iliyozuiliwa. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Kwa viza ya Uingereza, fedha zinazohitajika lazima ziwe zimekaa benki kwa siku 28 mfululizo. Mkopo wa haraka wa ndugu na jamaa hautoshi ukiingia benki wiki ya mwisho.

Hatua ya tano: nyaraka

Transkripti, vyeti, pasipoti, wasifu na barua za mapendekezo. Waalimu wapewe taarifa miezi miwili kabla, pamoja na ule ukurasa wako mmoja, ili waandike juu ya swali na si juu ya tabia njema peke yake. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hukubalika kwa miaka miwili, basi usiufanye mapema kupita kiasi.

Hatua ya sita: kibali cha kurudi nyumbani kutafiti

Uraia wako hauondoi wajibu wa kibali. Ukiwa mwanafunzi wa chuo cha nje, omba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) mara tu chuo kinapoidhinisha andiko lako la utafiti. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi. Mwenyekiti wa kitongoji ambaye hakuarifiwa anaweza kusimamisha kazi yako kwa haki kabisa.

Hatua ya saba: uwandani

Chuo chako kitakupa fomu ya ridhaa ya kusainiwa. Kijijini, karatasi yenye sahihi huleta kumbukumbu za migogoro ya ardhi, na watu wengi wataisukuma pembeni hata wakiwa radhi kuzungumza. Kabla ya kuondoka, iombe kamati ya maadili ya chuo ikuruhusu kupokea ridhaa ya mdomo, na uijadili upya kila unapohamia jambo jipya, kwa sababu aliyekubali kueleza ugemaji hajakubali kueleza mgogoro wa urithi wa nduguye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakuhusu: ficha majina tangu kwenye daftari.

Kuwa mtoto wa nyumbani ni faida yenye masharti. Ukiitwa “mwanangu” unafunguliwa mlango, lakini kuna maswali ambayo mwana hamwulizi baba. Hayo mpelekee mtu ambaye uhusiano wenu unayaruhusu, kama vile babu au shangazi, na uandike kwamba ulilazimika kufanya hivyo, maana hiyo nayo ni data.

Mchana andika maneno machache kwenye kijitabu cha mfukoni; usiku, kabla ya kulala, yaandike kwa kirefu. Maneno ya mtu yaache katika lugha aliyoyasema, Kihehe kibaki Kihehe na Kinyakyusa kibaki Kinyakyusa, na tafsiri uiweke pembeni. Msimamizi wako ataomba Kiingereza. Mpe, lakini daftari lisiguswe.

Hatua ya nane: marejesho

Tasnifu ikikubaliwa, peleka nakala COSTECH, kisha andaa kurasa chache za Kiswahili, omba nafasi katika mkutano wa kijiji, na uzisome mbele ya wale waliokusimulia. Nenda na kalamu, kwa sababu watakusahihisha, na masahihisho hayo yaingie katika makala utakayochapisha.