Kuweka utaratibu wa uongozi katika kliniki ndogo ya meno, hatua kwa hatua

Kliniki ninayoiongoza ina watu watano: mimi daktari, tabibu wa meno, msaidizi wa kiti, dada wa mapokezi na mfanya usafi. Kwa kuwa tunaonana kila siku, nilidhani utawala ni habari ya hospitali kubwa zenye bodi. Kisha nilirudi kutoka safarini siku ya Jumatano, nikakuta daftari la otoklevu, mashine yetu ya kutakasia vifaa, limejazwa tayari hadi Ijumaa, siku mbili mbele: joto lile lile, muda ule ule, kalamu ile ile. Msaidizi hakuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimemwambia daftari lijazwe, naye akalijaza. Utaratibu ninaoueleza hapa ulianzia siku ile.

Hatua ya 1: Andika nani anawajibika kwa jambo gani

Karatasi moja inatosha. Orodhesha utakasaji wa vifaa, taka, dawa za dharura, mashine ya eksirei, mafaili ya wagonjwa na malalamiko, kisha mbele ya kila jambo weka jina moja la mwenye dhamana na jina la pili la atakayeshika nafasi yake asipokuwepo. Usiandike "wafanyakazi wote", kwa sababu siku jambo likiharibika hutapata wa kumuuliza. Wala daktari asijiandike kila mahali, kosa ambalo sisi wamiliki hulifanya kwa kudhani kwamba ndiyo bidii.

Hatua ya 2: Kusanya vibali mahali pamoja

Kwa Tanzania, weka katika faili moja usajili wa kituo, leseni za wataalamu zinazotolewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kibali cha eksirei cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Tarehe za kuisha ziandikwe kwenye kalenda ya mapokezi, si kichwani mwa daktari.

Hatua ya 3: Fanya kumbukumbu ziweze kufuatiliwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Otoklevu hutakasa kwa mvuke: wa nyuzi joto 121 huhitaji walau dakika 15, na wa nyuzi 134 walau dakika 3, zikihesabiwa tangu joto hilo lifikiwe, bila kuhesabu muda wa kupasha mashine wala wa kukausha vifaa. Anayehusika aandike tarehe, namba ya mzunguko (yaani kila mara mashine inapowashwa hadi kumaliza kazi), joto, shinikizo na muda, na atie sahihi baada tu ya mzunguko kwisha. Namba hiyo iandikwe kwenye pakiti ya vifaa, na pakiti ikifunguliwa namba ihamishiwe kwenye faili la mgonjwa. Mashine ikigundulika ilikuwa na hitilafu, utajua ni wagonjwa gani waliohudumiwa kwa vifaa vile, badala ya kukisia. Ule utepe wa kwenye pakiti unaobadilika rangi usikudanganye: unaonyesha kwamba pakiti imepita kwenye joto, hauthibitishi kwamba vijidudu vimekufa.

Kila Ijumaa mimi huchukua faili moja bila kuchagua na kulirudisha nyuma hadi kwenye daftari la mashine. Huchukua dakika kumi, na tangu nianze hakuna aliyejaza siku za mbele.

Hatua ya 4: Mpe msaidizi mamlaka ya kusimamisha kazi

Kwa namba ambazo madaktari huyapa meno, jino namba 46 ni gego la kwanza la chini kulia, na namba 36 ni pacha wake wa kushoto. Kwa daktari aliyechoka, kuyachanganya ni rahisi sana. Kabla ya kung'oa, daktari ataje namba kwa sauti, msaidizi ailinganishe na faili na picha ya eksirei, na mgonjwa aonyeshe jino kwa kidole chake, yote haya kabla ya ganzi. Visipolingana, msaidizi aseme "subiri", na daktari asubiri.

Hali kadhalika anayechomwa na sindano: aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha atoe taarifa papo hapo, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na zisivuke saa 72. Mfanyakazi anayeogopa kukaripiwa atanyamaza hadi saa hizo ziishe. Kwa hiyo kwetu makosa ya daktari ndiyo husomwa kwanza kikaoni.

Hatua ya 5: Linda siri za wagonjwa

Picha za vinywa zisikae kwenye simu binafsi wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu kliniki yako pia, hata kama ina kiti kimoja.

Hatua ya 6: Kaeni kikao kila mwezi

Nusu saa, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Andikeni kilichoamuliwa, mtekelezaji na tarehe, na kikao kifuatacho kianze kwa kusoma hayo. Mwezi uliopita mfanya usafi aliuliza kwa nini kisanduku cha sindano hushindiliwa hadi kifurike, ilhali kinatakiwa kufungwa kikifika robo tatu. Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo kukifunga ni dhamana yake, na jina lake limo kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza.