Kutunga na kurekodi muziki wa kinubi cha mdomo, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anajua kushika kinubi cha mdomo na kukitoa sauti, lakini kila akirekodi anaambulia mvumo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Nazungumzia ala ile ndogo ya chuma yenye mikono miwili na ulimi mwembamba katikati, unayoiweka mdomoni na kuipiga kwa kidole. Ukitafuta rekodi zake utaikuta kwa majina mengi: khomus kwa Wasakha wa Siberia, morsing kusini mwa India, marranzano kisiwani Sicily, Maultrommel Austria, dan moi Vietnam. Maumbo yanatofautiana, lakini kanuni ya sauti ni ileile, na ukiitii kanuni hiyo kazi inakuwa nyepesi kuliko unavyodhani.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza kutunga ni kuja na wimbo uliokamilika kichwani halafu kuulazimisha uingie kwenye ala. Hautaingia. Anza na sauti zilizomo, kisha utafute wimbo humohumo.

Hatua ya 1: Jua sauti ulizonazo

Ulimi wa chuma hutoa sauti moja ya msingi, na hiyo haibadiliki hata ufanye nini. Juu ya msingi huo zimepangana sauti nyingine nyembamba ambazo mitetemo yake ni mara 2, mara 3, mara 4 ya msingi, na kuendelea hivyo. Hizo nitaziita ngazi. Kinywa chako hakiziumbi, kinachofanya ni kuchagua ipi isikike zaidi.

Chukua kinubi cha G ambacho msingi wake ni hezi 98, yaani mitetemo 98 kwa sekunde. Ngazi zake zinazofaa kwa wimbo ni hizi:

4: G, hezi 392
5: B, hezi 490, iko chini kidogo ya B ya piano
6: D, hezi 588
7: F, hezi 686, iko chini waziwazi
8: G, hezi 784
9: A, hezi 882
10: B, hezi 980
11: hezi 1078, katikati kabisa ya C na C kali
12: D, hezi 1176

Chini ya ngazi ya 4 utapata mngurumo tu. Juu ya 12 zipo nyingine, ila zinakaribiana mno na mkono usiozoea utazichanganya.

Hujui msingi wa kinubi chako? Usiamini sana programu ya kutyunia gitaa, kwa sababu mara nyingi inanasa ngazi mojawapo ya juu na kukuambia ndiyo msingi. Rekodi mvumo wa sekunde chache, ufungue kwenye programu ya kuhariri sauti, kisha utazame spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti zote zilizomo, za chini hadi za juu. Utaona mistari ya mlalo iliyoachana kwa nafasi sawa. Nafasi kati ya mstari na jirani yake, ukiihesabu kwa hezi, ndiyo msingi wako.

Sasa itazame tena orodha ile. C haipo. Wimbo wowote unaotegemea noti ya nne ya skeli hautapigika kwenye kinubi hiki, na hakuna ufundi wa kinywa utakaouokoa. Kilichopo na kilicho imara ni D, G, A, B, halafu D ya juu: ngazi za 6, 8, 9, 10 na 12. Tunga juu ya hizo kwanza.

Na zile mbili zinazosikika kama zimepotea njia, ya 7 na ya 11? Wengi huzikwepa. Mimi nasema zitumie, kwa sababu ndizo zinazokupa ladha isiyopatikana kwenye kinanda. Ya 7 inapendeza ikishikiliwa kwa muda mrefu bila ala nyingine kuipinga. Ya 11 ipite haraka, ukiwa njiani kwenda 12 au ukirudi 10. Ukisimama juu yake msikilizaji atadhani umekosea.

Hatua ya 2: Panda kwa vokali

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati, maana vokali zetu tano zimekaa wazi na hazichanganyikani. Piga ulimi wa chuma, kisha bila kutoa sauti kooni tengeneza umbo la kinywa la *u*, *o*, *a*, *e*, *i*, pole pole, ukiteleza kutoka moja hadi nyingine. Utasikia ngazi zikipanda. Kwenye *u* ulimi wako umerudi nyuma na nafasi iliyo mbele yake ni kubwa, kwa hiyo ngazi za chini ndizo zinazojitokeza. Kwenye *i* ulimi umepanda na kusogea mbele, nafasi imebana, na ngazi za juu zinang'aa.

Midomo imeshika ala, haina uhuru wa kufanya mengi. Kazi ni ya ulimi na koo. Ukijikuta unasogeza taya sana, punguza, la sivyo ulimi wa chuma utagonga meno. Mikono ya kinubi iegemee meno ya mbele kwa uthabiti, na meno ya juu na ya chini yaachane kiasi cha kuupisha ulimi wa chuma bila kuugusa. Dan moi ya shaba nyembamba yenyewe hukaa kwenye midomo, si kwenye meno. Usilichukulie jambo hili kijuujuu: Karl Eulenstein, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1802 na kusifika London kwa kupiga vinubi 16 katika onyesho moja, aliharibika meno kwa ajili ya ala hii, akaishia kufundisha gitaa.

Fanya mazoezi mpaka uweze kutoka 6 kwenda 8 kwenda 6 bila kuigusa 7. Hilo ndilo jaribio la kweli. Kama 7 inaponyoka kila mara, bado unateleza badala ya kuruka.

Hatua ya 3: Andika kwa namba

Majina ya noti hayakusaidii sana hapa, kwa kuwa ukibadilisha kinubi yote yanabadilika. Namba za ngazi hazibadiliki. Mfano wa mistari miwili ya mapigo manne manne (kistari – ni pigo lisilo na noti mpya):

6 8 8 9 | 10 9 8 –
6 8 9 10 | 12 10 8 –

Mstari wa pili unaanza kama wa kwanza, halafu unakataa kugeuka na kwenda hadi 12. Hiyo inatosha kuwa kiini cha muziki wa dakika tatu. Sifanyi mzaha: ala yenye msingi usiobadilika inamchosha msikilizaji haraka ukimrundikia wimbo mwingi, lakini anavumilia marudio mengi kama kila rudio lina jambo jipya.

Chini ya namba andika mahali unapopiga kwa kidole. Si lazima kila noti iwe na pigo lake. Ulimi wa chuma ukishapigwa unaendelea kuvuma, na kinywa kinaweza kubadilisha ngazi mbili au tatu ndani ya mvumo huohuo. Jaribu mstari wa kwanza ukipiga kila noti, kisha uurudie ukipiga pigo la kwanza na la tatu tu. Namna ya kwanza itakupa ngoma, ya pili itakupa kuimba. Mtunzi mzuri wa ala hii anapishanisha hizo mbili, na mara nyingi ndiyo tofauti yote iliyopo kati ya ubeti na kiitikio.

Hatua ya 4: Panga pumzi

Pumzi ndiyo nguvu ya sauti. Ukivuta au kutoa hewa kwa nguvu wakati ulimi wa chuma unatetemeka, mvumo unakua na kudumu zaidi. Ukibana pumzi, unakuwa mkavu na mfupi. Kwa hiyo pumzi iandikwe kama noti zinavyoandikwa: weka mshale wa juu kwa kuvuta, wa chini kwa kutoa, na nukta kwa kubana. Pumzi isiyoandikwa itakuja yenyewe mahali ambapo hukuitaka, na mikrofoni itaisikia.

Konsonanti nazo zina kazi. Ukifunga koo kama unataka kusema *k*, mvumo unakatika ghafla. *L* na *r* zinaugeuza kuwa wa mawimbi. Sema kimya "haya, haya, njoo huku" wakati unapiga, usikilize jinsi vokali zinavyobaki zikisikika. Miongoni mwa Wahmong, jamii ya milimani kusini mwa China na Asia ya Kusini-Mashariki, vijana waliitumia ala hii kunong'onezana maneno ya mapenzi, na Wasakha huiga kwato za farasi na milio ya ndege. Ukikosa wimbo, anza na sentensi.

Hatua ya 5: Ongeza kinubi cha pili, au ala nyingine

Ukitaka muziki uhame kutoka makao yake, yaani noti ya msingi, badilisha kinubi. Njia nyingine hakuna. Johann Georg Albrechtsberger, aliyekuja kuwa mwalimu wa Beethoven, alitunga katika karne ya 18 makoncheto ya kinubi cha mdomo, mandora (ala ya jamii ya luti) na ala za nyuzi, na matatu kati yake yamebaki hadi leo. Yasikilize uone jinsi nyuzi zinavyopewa kazi ya kutembea huku kinubi kikibaki na ngazi zake.

Kwa anayeanza, G na D au G na C zinatosha. Kama kimoja kiko juu kidogo kuliko kinavyotakiwa, bandika chembe ya nta karibu na ncha ya ulimi wa chuma nacho kitashuka. Wapigaji wa morsing hufanya hivyo ili walingane na wenzao. Kupandisha kunahitaji tupa, na chuma kikishapunguzwa hakirudi, kwa hiyo tyuni ala nyingine zifuate kinubi badala ya kinubi kuzifuata.

Gitaa likiongozana na kinubi cha G, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazokaa vizuri ni zile zenye G ndani yake: G yenyewe, C, na E ndogo (E minor). Kodi ya D itagombana na mvumo. Ugomvi mfupi unaweza kupendeza kabla ya kurudi G, mrefu unakera.

Hatua ya 6: Mikrofoni

Jambo la kwanza ulielewe: unachosikia wewe sicho anachosikia mwingine. Mvumo unapita kwenye meno na mifupa ya fuvu moja kwa moja hadi sikioni mwako, ukiwa na besi nzito. Hewani besi hiyo ni hafifu. Ndiyo maana rekodi ya kwanza huvunja moyo. Usijaribu kuirejesha besi ile kwa ikwalaiza (kidhibiti cha kupandisha au kupunguza sauti za chini na za juu), kwa kuwa utakachopandisha ni mngurumo wa chumba. Tunga na uamue kwa kusikiliza rekodi, kamwe usiamue kwa kusikiliza fuvu lako.

Chagua chumba kidogo chenye vitambaa. Mwangwi utauongeza baadaye. Weka mikrofoni umbali wa sentimita 20 hivi, upande ule usio wa mkono unaopiga, ikielekea pembe ya mdomo na si katikati yake, ili pumzi isiigonge. Ukiisogeza karibu zaidi utapata pumzi nyingi na mlio wa kidole. Ukiiondoa mbali, ngazi za juu zinapotea. Mikrofoni ya aina ya kondensa inanasa ngazi vizuri zaidi. Ya aina ya dainamiki inasamehe chumba kibaya.

Hatua ya 7: Kurekodi

Weka programu ya kurekodi kwenye biti 24, kilohezi 48. Pigo la kidole ni kali na fupi kuliko kipimo cha sauti kwenye programu kinavyoonyesha, hivyo acha nafasi: vilele visizidi desibeli -12. Vaa hedifoni zilizofungwa vizuri, la sivyo metronomu itavuja hadi kwenye mikrofoni. Kama metronomu inakukwaza, rekodi kwanza mguu wako ukigonga sakafu, kisha ucheze juu ya hiyo.

Rekodi ubeti mzima bila kukatiza. Mvumo hauna mahali pa ukimya pa kufichia kiungo, na pumzi za marekodio mawili hazilingani. Ukilazimika kukata, kata hasa pale kidole kinapopiga, maana mshindo wa pigo hufunika mshono.

Hatua ya 8: Kuhariri

Mambo matatu ya kuacha. Usitumie kiondoa kelele: mvumo usiobadilika ndicho kitu ambacho programu hiyo imefundishwa kukitambua kama kelele, na itakula muziki wako ikibakiza mibofyo. Usitumie geti, ile inayozima sauti ikishakuwa ndogo, kwa sababu inakata mkia wa mvumo. Usitumie kisahihisha noti, kwani hakijui kama kifuate msingi au ngazi, na kikiisahihisha ngazi ya 7 umebaki na nini?

Cha kufanya ni kidogo. Kata kila kilicho chini ya msingi wako. Kwa kinubi cha G anzia hezi 80 kushuka. Kama mlio wa chuma unachoma sikio, punguza kidogo kati ya kilohezi 3 na 5, huku ukiangalia usizime ngazi zilizo juu ya eneo la wimbo, maana ndizo zinazokipa kinubi uhai. Kompresa, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, iwe nyepesi: ikianza kazi haraka inalainisha pigo la kidole, ikichelewa inalipitisha. Kwa muziki wa ngoma ninaichelewesha, kwa muziki wa kuimba ninaiharakisha. Mwangwi mfupi uwe wa mwisho.

Ukihifadhi faili, andika kwenye jina lake msingi wa kinubi kwa hezi, namba za ngazi za wimbo, na kama kulikuwa na nta. Utahitaji hayo siku utakapotaka kuongeza ala nyingine juu ya rekodi hiyo.