Namna ya Kula na Kuhudumiwa Vizuri Katika Daraja la Kwanza la Treni ya TAZARA

Abiria wengi wanaokata tiketi ya daraja la kwanza katika treni ya TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, hupanda wakidhani wamelipia na chakula. Tiketi hiyo hukupa kitanda kimoja katika chumba cha vitanda vinne, matandiko, mlango unaofungwa, na wenzako wachache kuliko walivyo katika vyumba vya vitanda sita vya daraja la pili. Chakula hununuliwa kando, na jiko ni moja. Abiria wa daraja la pili aliyeagiza mapema atakula kuku wa moto huku wewe wa daraja la kwanza, uliyelala ukisubiri kubembelezwa, ukiletewa mabaki ya wali. Ukilielewa hilo kabla ya kupanda, maelezo yanayofuata yatakufaa.

Reli hii ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na safari nzima huchukua zaidi ya saa 40 hata mambo yanapokwenda sawa. Treni za SGR (reli mpya ya kisasa), iwe ya Dar es Salaam na Dodoma iliyoanza mwaka 2024 au ya Nairobi na Mombasa ya mwaka 2017, ni za saa chache tu, na njaa yake humalizwa na andazi na soda. Hapa, kinyume chake, utahitaji milo mitano au sita, na mlo mmoja mbaya unaweza kukuharibia siku nzima. Kwa kuwa ratiba hubadilika na vipo vipindi ambavyo treni ya abiria husimama kwa muda, nenda kituoni mapema, uulize siku ya kuondoka, hali ya mabehewa, na kama behewa la chakula limo katika msafara huo.

Unapokata tiketi, kumbuka kwamba wanaume na wanawake hupangiwa vyumba tofauti, isipokuwa kundi moja linunue chumba kizima. Familia ya watu watatu, kwa maoni yangu, haitajuta kulipia kitanda cha nne, kwa sababu itapata faragha na mahali pa kuweka kapu la chakula. Mwombe karani akupe chumba cha katikati ya behewa, mbali na choo, tena kisiwe karibu sana na baa, ambako mazungumzo huendelea hata baada ya wenye busara kulala. Kuhusu kitanda, kila upande una raha yake. Kitanda cha chini kiko karibu na meza ndogo ya dirishani na kinafaa kwa kula, lakini mchana hugeuka kiti cha watu wote. Cha juu ni chako peke yako saa zote, ila kunywa chai ukiwa huko ni kazi.

Sasa tuje kwenye jiko, kwani hapo ndipo ubora wa safari unapopimwa. Behewa la chakula haliwezi kubeba soko. Mpishi hufanya kazi na vilivyopakiwa kabla ya kuondoka, pamoja na kile kinachoongezwa njiani, na orodha ya vyakula kwa kawaida huzunguka palepale: kuku, samaki au nyama ya ng'ombe, pamoja na wali, ugali au chipsi, na mboga ya majani pembeni. Kwa hiyo kanuni yangu ni kula vyakula vinavyoharibika upesi mwanzoni mwa safari, yaani samaki siku ya kwanza, kisha siku ya pili kubaki na vile vinavyovumilia, kama mayai, maharage na nyama iliyopikwa muda mrefu katika mchuzi.

Mhudumu anapopita na daftari lake akigonga milango, usimuulize kama chakula ni kizuri, maana hakuna atakayekujibu kuwa ni kibaya. Muulize hivi: "Kaka, mpishi ameanza kupika nini leo, na nini kitakuwa tayari kwanza?" Jibu lake litakuonyesha kilicho motoni na kile kitakachopashwa tu. Agiza hicho cha kwanza. Ikiwezekana, kifuate mwenyewe behewani badala ya kuletewa chumbani, kwa sababu sahani inayopita mabehewa mawili au matatu yanayoyumba hufika imepoa na mchuzi wake umehamia kwenye sinia. Faida nyingine ya kwenda ni kwamba utaona meza za wengine, na meza za wengine ndizo orodha ya kweli ya vyakula.

Sahani yako ikifika, itazame kidogo kabla ya kushika kijiko. Wali uliopikwa muda huo huachana punje kwa punje na hutoa mvuke kutoka ndani ukiuchimba. Wali wa tangu mchana huwa na mabonge makavu juu, na joto lake liko pembeni tu. Kuku aliyekaangwa sasa hivi ana ngozi inayovunjika. Aliyerudishwa katika mafuta huwa mgumu nje na mkavu hadi mfupani. Ukiona dalili hizo za pili, omba kwa upole uongezewe mchuzi wa moto au ubadilishiwe ugali, ambao kwa kawaida husongwa papo hapo. Niliwahi kufanya kosa la kulala kuanzia alasiri hadi saa tatu usiku katika treni nyingine, ambayo si lazima niitaje, nikaamka nikakuta kilichobaki ni mkate na chai ya rangi. Tangu hapo huagiza chakula cha jioni kabla jua halijazama, hata kama sina njaa.

Jiko la treni lina msaidizi wake dirishani. Katika vituo vya bonde la Kilombero, kama Mang'ula na Ifakara, wachuuzi husogea na ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha na mahindi, kutegemea msimu na saa. Nunua vitu vyenye ganda au vinavyomenywa, na uwe na fedha ndogo ndogo, kwani treni haingojei chenji. Nunua zaidi ya haja yako, pia. Katika chumba cha watu wanne huwezi kufungua ndizi bila kusema "karibuni", na ukarimu huo hurudi: usiku, mzee wa kitanda cha pili atakutolea chapati za nyumbani kwake ambazo hakuna mpishi wa behewa anayeweza kuzishinda.

Baada ya Mlimba reli huanza kupanda kuelekea Makambako, ikipita mahandaki 18 na madaraja mengi katika sehemu hiyo moja. Kuanzia hapo jaza kikombe nusu tu, na usiache chupa ya chai mezani bila kuishika. Baridi ya nyanda za juu huwashangaza watu wa pwani. Omba blanketi mapema wakati mhudumu wa behewa anagawa matandiko, kagua shuka palepale, na kama lina doa sema hapohapo, kabla halijawa lako.

Mpakani, kati ya Tunduma na Nakonde, mambo mawili hubadilika. Saa ya Zambia iko nyuma ya ya Tanzania kwa saa moja, hivyo uliza chakula cha jioni ni kwa saa ipi. Na fedha ya malipo huwa kwacha. Badilisha kiasi kidogo cha kutosha milo miwili, ukihesabu noti zako mwenyewe kabla ya kukabidhi shilingi. Ugali sasa utaitwa nshima, nao ni uleule.

Wahudumu hao hukaa kazini siku nyingi mfululizo, wakilala kidogo kuliko wewe. Msalimie kila mmoja kabla ya kuagiza, mwenye umri umwamkie, na bakshishi itoe baada ya mlo wa kwanza badala ya kungoja mwisho wa safari, ili ifanye kazi yake ungali ndani. Malalamiko yapeleke kwanza kwa mhudumu wa behewa lako, kwa sauti ya kawaida, ukitaja unachotaka kifanyike: maji bafuni, shuka jingine, sahani ya moto. Asipoweza, muulize msimamizi wa treni yuko behewa gani, uende mwenyewe.

Asubuhi ya kufika, kunywa chai mapema na ujaze chupa yako maji ya moto kabla jiko halijaanza kufunga hesabu. Kutoka Kapiri Mposhi hadi Lusaka bado kuna takriban kilomita 200 za barabara.