Mbwa wa usasi akiumia mgongo: namna ya kumuuguza mpaka arudi porini

Mbwa akirushwa na nguruwe akaangukia mawe, au akitumbukia shimo la uwanda akatoka anaburura miguu ya nyuma, kazi ya kwanza ni kuwazuia watu wasimuinue. Kila aliyekuwepo atataka kumshika makwapani amsimamishe, "tuone kama anakwenda". Asisimamishwe. Pingili ya mgongo ikiwa imepasuka au imeteguka, huenda uti wa neva ulio ndani yake bado mzima, na kumkunja kiuno wakati ule ndiko kunakoukata. Mwache alale vilevile alivyolala, wafunge mbwa wengine mbali naye, kisha mfunge mdomo.

Mdomo unafungwa hata kama ni mbwa uliyemlea tangu hajafumbua macho, kwa sababu maumivu ya mgongo humfanya amuume yeyote anayemgusa. Chana ukanda wa kanga, piga kitanzi juu ya pua, pitisha ncha chini ya kidevu, kafunge nyuma ya masikio. Anayetapika au anayehema kwa shida usimfunge. Huyo mfunike kichwa kwa nguo na umshike ngozi ya shingo.

Huku kwetu Kusini Unguja, kuanzia Muyuni kuja mpaka Makunduchi, uwanda ni mawe na vichaka na gari haiingii. Kwa hiyo kila tunapokwenda kusaka nachukua polo (gunia) moja tupu. Unakata miti miwili iliyonyooka, unatoboa pembe za polo, unaipitisha, na watu wawili wanalivuta mpaka likaze. Likilegea katikati halifai, maana mgongo unabonyea. Mkifika barabarani mhamishieni kwenye ubao mgumu, mlango mbovu au kipande cha plaiwudi. Watu watatu: mmoja kichwani na mabegani, mmoja kiunoni, mmoja mapajani, na mnamsogeza kwa pamoja, kwa kumburuza juu ya polo lake, si kwa kumnyanyua. Mfunge ubaoni kwa kanga mabegani na nyongani. Tumbo liachwe apumue. Gari za abiria hazipokei mbwa, sote tunalijua hilo, basi uwe na nambari ya mwenye kirikuu (pikapu ndogo) kabla ya siku ya kusaka.

Daktari wa mifugo atakuuliza mambo, na majibu ya saa ya mwanzo yana thamani kwake. Nakushauri uangalie vitu vitatu mbwa akiwa amelala palepale ubaoni.

Kwanza mkia na miguu: anatikisa mkia akisikia sauti yako? Anaisogeza miguu ya nyuma mwenyewe? Pili mkojo: amekojoa tangu aumie, na amekojoa kwa kutaka au umemtoka tu?

La tatu ndilo zito, na ndilo ambalo wenzangu wengi wanalisoma vibaya. Bana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu, kwenye mfupa hasa. Mguu ukivutika, watu hushangilia kuwa anasikia. Mguu kuvutika peke yake si habari njema bado, kwa kuwa neva za chini ya jeraha zinaweza kuuvuta hata kama uti umekatika. Tazama kichwa. Ageuke, alie, atake kukuuma: hapo ndipo ujue habari ya maumivu imefika kwenye ubongo. Mbwa anayesikia hivyo ana matumaini makubwa, hata kama hawezi kusimama kabisa. Asiyesikia chochote kwenye vidole baada ya kishindo kikubwa, nafasi yake ni ndogo mno, na daktari akikwambia kumpumzisha kwa sindano, afe bila maumivu, ndiyo huruma, msikilize.

Kuna jambo moja la hatari nisiloweza kuliruka. Kama hakuna aliyemwona akiumia, na ameanza kulegea nyuma mwenyewe, udenda unamtoka, sauti imebadilika au hawezi kumeza, usimtie mkono mdomoni kumtafutia mfupa. Kichaa cha mbwa kinaweza kuanza kwa kupooza bila ukali wowote. Mfungie peke yake, umwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na udenda kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachanjwe. Mbwa wa usasi asiyechanjwa kila mwaka hafai kutoka nyumbani.

Kuhusu dawa nina maneno machache. Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki ya dukani. Dawa hizo huwatoboa mbwa tumbo na kuwaharibu figo. Kama kuna mtu ameshamchoma sindano ya deksamethasoni, mwambie daktari kabla hajatoa dawa nyingine ya maumivu, kwa sababu mbili hizo kwa pamoja hutoa damu matumboni.

Sasa tuje nyumbani, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe. Nitamtaja sana Siachi, jike langu la rangi ya mchanga, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka nguruwe alipomrusha juu ya jabali upande wa Kibuteni. Daktari aliona pingili imepata ufa bila kuhama, na uamuzi ukawa kulala bandani wiki 6. Wengine huambiwa 8. Aliyehama pingili huhitaji kupasuliwa, na hilo ni suala la daktari.

Banda liwe dogo. Asimame, ageuke, alale, basi. Ukimwonea huruma ukampa chumba kizima, atakimbia ndani ya chumba kizima. Siachi nilimtengenezea kwa mbao za masanduku na waya wa kuku, chini ya paa la makuti ambapo upepo wa bahari unafika. Chini weka godoro la usumba au la sufi, juu yake polo la plastiki, juu yake shuka kuukuu, ili mkojo usipenye na shuka ibadilishwe haraka. Asiyeweza kujigeuza mgeuze kila baada ya saa 4, mchana na usiku. Pitisha mkono kwenye nyonga, magoti na viwiko kila siku: penye wekundu leo pana kidonda keshokutwa.

Mbwa kijana haoni sababu ya kulala. Kwenye wiki ya pili au ya tatu maumivu yanapungua, macho yanachangamka, anaanza kubweka na kurukia waya, na nyumba nzima inakwambia amepona. Hajapona. Maumivu huondoka kabla mfupa haujashika, na wiki hizo ndizo zinazoharibu mbwa wengi. Mimi nasimama imara hapa kuliko mahali pengine popote: hesabu ya daktari iishe yote, hata kama anaweza kuruka ukuta. Mpe cha kufanya akiwa amelala. Chemsha kichwa cha samaki, toa miba yote, fungia nyama yake ndani ya kitambaa chenye mafundo ayafungue kwa pua. Mfundishe kutulia kwa neno moja. Siku ya kusaka ndiyo ngumu, akisikia wenzake wanakusanywa atajipiga kwenye waya mpaka aumie upya; Siachi nilikuwa nampeleka kwa shemeji yangu usiku wa kuamkia, banda na vyote, akalala mbali na kelele hizo.

Chakula kipungue, maana hafanyi kazi na kila ratili inayoongezeka inaukalia mgongo. Mchanganyie boga lililochemshwa ili choo kiwe laini, asijikamue.

Kibofu kinataka moyo. Mbwa aliyelegea nyuma mara nyingi hawezi kukojoa, na mkojo unaodondoka kidogo kidogo usikudanganye: kibofu kimejaa mpaka kimefurika. Mwombe daktari akuonyeshe kwa mikono yako mwenyewe kabla hujaondoka kwake. Unamlaza ubavu au mtu anamshikilia amesimama, unaweka viganja bapa pande mbili za tumbo mbele tu ya mapaja, unatafuta kitu cha mviringo kama chungwa, kisha unabana polepole ukielekeza nyuma, na unashikilia mpaka mkojo ukome. Mara 3 au 4 kwa siku. Ukikuta kigumu na hakitoi kitu, usilazimishe, kinaweza kupasuka, mpigie daktari. Mkojo ukinuka vibaya, ukiwa na ukungu au damu, kuna maambukizi, na hayo yanaua mbwa ambaye mgongo wake ulikuwa unapona.

Mikono na nguo zitarowa, hakuna njia. Sisi Mashafii tunaosha mara saba, moja kwa udongo, na nimeona watu wanaacha kumuuguza mbwa kwa kuona uzito wa jambo hili. Lipange tu. Weka ndoo ya udongo safi na dumu la maji palepale bandani, uwe na nguo maalumu ya kazi isiyoingia ndani ya nyumba, na upange kumhudumia baada ya sala, si dakika tano kabla ya adhana. Mke wangu alikuwa haingii bandani kabisa, lakini ndiye aliyekuwa akinikumbusha saa za kumgeuza, na Siachi anamjua kwa sauti mpaka leo.

Mazoezi huanza akiwa bado amelala, daktari akisharuhusu, mara nyingi baada ya siku za mwanzo zenye uvimbe kupita. Mlaze ubavu, shika mguu mmoja, kunja na kunjua kila kiungo kwa zamu: vidole, kifundo, goti, nyonga. Mara 10 kila kiungo, asubuhi na jioni. Mwendo ukigoma, ishia hapo. Maliza kwa kuuzungusha mguu wote kama anaendesha baiskeli, kisha sugua misuli ya paja kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Misuli ya mbwa aliyelala hunywea upesi sana. Bila kazi hii, mfupa utashika na mguu hautakuwa na nguvu ya kumbeba.

Akitoka kwenda haja, pitisha kanga iliyokunjwa mara nne chini ya tumbo karibu na mapaja, umbebe nyuma kwa kiasi tu cha kugusisha nyayo chini. Mkanda wa mbele uwe wa kifuani, shingo usiivute. Dakika 5 na kurudi.

Wiki za kulala zikiisha ndipo anapoanza kutembea: dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku, kwa kamba fupi, mwendo wa polepole kabisa. Upole huo una sababu yake, kwani mbwa anayekwenda mbio anaweza kuruka kwa miguu miwili pamoja na kuuficha udhaifu, lakini polepole lazima kila mguu ufanye kazi yake. Ongeza dakika 5 kila wiki. Panga fito nne chini, zikiachana kwa kiasi cha kimo chake kutoka ardhini mpaka begani, azivuke bila kuzigusa. Mkalishe na umsimamishe mara 5 mpaka 10 kwa kumwonyesha dagaa mkavu mmoja mmoja. Hiyo inajenga mapaja kuliko kutembea.

Na tuna bahari, neema kubwa kwa mbwa wa mgongo. Maji yakifika nyongani, anabeba kidogo tu zaidi ya thuluthi ya uzito wake, kwa hiyo anatembea wakati nchi kavu bado anayumba. Nenda maji yakiwa yamekupwa, ndani ya mwamba, penye mchanga uliotulia na pasipo mawimbi. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, usiende yanapoanza kujaa, yanakuja kwa kasi na mbwa dhaifu hapigani na mkondo. Mpeleke kwa kamba na kanga ya tumboni, dakika chache za kutembea, si kuogelea, maana anayeogelea kwa hofu hupinda mgongo. Vidonda vyote viwe vimefunga kwanza. Mkirudi mwoshe kwa maji baridi ya kisima na umkaushe katikati ya vidole.

Kila wiki mpime hivi: mwinue kidogo nyuma, geuza unyayo ili mgongo wa unyayo ndio uguse chini. Mbwa mzima huurudisha mara moja. Anayechelewa, bado neva hazijakaa sawa, hata kama anatembea vizuri. Siachi aliburuta mguu wa kushoto muda mrefu baada ya wa kulia kurudi, na nilimfunga soksi ya mtoto ili kidole kisichubuke. Kwa ambaye miezi inapita na nyuma hakuji, lakini anakula, ana furaha na kibofu chake unakimudu, watu hutengeneza gari dogo kwa mabomba ya plastiki na magurudumu ya baiskeli ya mtoto. Huyo hatosaka tena, ila mlinzi wa shamba la muhogo anaweza kuwa.

Kumrudisha porini kusianze kabla ya mwezi wa nne tangu aumie, na umwulize daktari. Mwanzo aende peke yake na wewe, kwa kamba, kwenye mashamba ya tambarare. Kisha na mbwa mmoja mzee aliyetulia. Uwandani kwenye mashimo na majabali iwe mwisho kabisa, na asipelekwe mbele ya nguruwe aliyekwama. Kazi ya kunusa na kufuata njia inamtosha, na Siachi sasa hiyo ndiyo kazi yake. Kila mkirudi, lala chini umtazame miguu ya nyuma kwenye mwanga. Kucha zikiwa zimesagika upande wa juu, au manyoya juu ya vidole yamekatika, ameanza tena kuburuta: mrudishe kwenye kamba wiki mbili na umpeleke kwa daktari.