Kutoka Mombasa Hadi Nairobi: Namna ya Kuingia Mjini na Kuzunguka kwa Matatu

Kazi yangu ni kuwapokea watu wanaopanda Nairobi kwa shughuli: mgonjwa anayekwenda Hospitali ya Kenyatta, kijana mwenye miadi ubalozini, mama anayefuata vitambaa Eastleigh. Wengi hufika wameshika jina la mtaa wanaokwenda, na hapo ndipo huhangaika. Nairobi mgeni husafiri kwa steji, yaani mahali matatu zinapopakia na kushusha abiria. Magari mengi huanzia katikati ya mji, tao, kisha hutawanyika kila upande. Ukijua steji ya gari lako, mtaa utaufikia.

Hatua ya 1: Kata tiketi ya treni mapema

Piga *639# au ingia kwenye tovuti ya Shirika la Reli, lipa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Desemba na shule zinapofungwa, tiketi huisha siku nyingi kabla. Beba kitambulisho kilekile ulichokatia, maana kitatazamwa.

Treni hutoka Miritini, kituo cha Mombasa, saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Kwa anayekuja mara ya kwanza, mimi humwambia achukue ya asubuhi. Husimama vituo vingi, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na kadhalika, lakini itakufikisha jua lingali juu. Ukikaa dirishani, kule Tsavo huenda ukawaona ndovu wamejaa vumbi jekundu. Treni ya usiku hufika alfajiri, kabla hakujapambazuka, na mji usioujua si wa kuingia saa hizo na mabegi.

Fika Miritini saa nzima kabla au zaidi. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Foleni hiyo haikimbizwi.

Weka sweta juu ya begi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai mtu wa Pwani hutetemeka kwa baridi.

Hatua ya 2: Usiishie Syokimau

Treni hii ya SGR, reli mpya ya kisasa, haikuingizi mjini. Itakushusha Syokimau, nje ya mji, na mlangoni utapokewa na madereva wengi wa teksi. Wapite kwa salamu. Humohumo kituoni kuna treni ndogo ya kuunganisha inayosubiri abiria wa SGR na kuwapeleka Stesheni Kuu, tao. Nauli yake ni ndogo sana ukilinganisha na teksi, na reli haina foleni ya Mombasa Road.

Kama una mgonjwa au mizigo mizito, ita gari kwa programu ya simu. Dereva atakuuliza mpite juu au chini. Juu ni barabara ya Expressway, iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi upande wa Westlands. Ada yake hulipwa na abiria juu ya nauli, kwa hiyo uliza ni kiasi gani kabla hujakubali.

Hatua ya 3: Jifunze Moi Avenue

Ukitoka Stesheni Kuu, tafuta Moi Avenue na uifuate moja kwa moja. Utapita bustani ya kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Mbele kidogo, kushoto ni steji ya Kencom na kulia ni jengo la Ambassadeur. Kisha kushoto kuna mnara wa mviringo uliokuwa hoteli ya Hilton; watu bado hupeana miadi hapo. Ng'ambo yake ni jengo la Kumbukumbu za Taifa na sanamu ya Tom Mboya. Ukiendelea utafika bustani ya Jeevanjee.

Barabara hii ndiyo mpaka wako. Kushoto, unapotoka stesheni, ziko ofisi kubwa, mabenki, jumba la mikutano la KICC na msikiti wa Jamia. Kulia kuna Tom Mboya Street, Accra Road na River Road: maduka ya jumla, gesti za bei nafuu, mabasi ya mbali, na msongamano usioisha. Tembea Moi Avenue nzima mara moja mchana, bila mzigo. Ukipotea baadaye, uliza Ambassadeur iko wapi. Kila mtu anaijua.

Hatua ya 4: Shika namba, kisha uliza steji

Kila njia ya matatu ina namba yake. Matatu za Rongai ni 125 na za Ngong ni 111, zote upande wa Railways, karibu na Stesheni Kuu. 46 ni ya Kawangware, itafute Kencom. Eastleigh ni 6 na 9, Buruburu 58, Karen 24, uwanja wa ndege 34. Kaunti huhamisha steji mara kwa mara, lakini namba hubaki. Muulize mwenye duka au askari wa jengo, "Gari za 58 zinapakia wapi?" Manamba, yule anayeita abiria stejini, usimuulize, atakuvuta kwenye gari lake.

Hatua ya 5: Panda kwa akili

Uliza nauli ukiwa bado chini. Kwa lugha ya mtaani, mbao ni shilingi 20, finje au chwani ni 50, soo ni 100. Mvua ikinyesha nauli hupanda papo hapo, na jioni vilevile, kwa hiyo maliza shughuli zako kabla ya saa kumi.

Matatu huondoka ikijaa. Chungulia waliokaa: wakati mwingine baadhi yao ni vijana wa steji waliowekwa ili gari lionekane limejaa, na abiria wa kweli wakiingia wao hushuka mmoja mmoja. Ukiwa na miadi, chagua gari ambalo injini inanguruma na watu wana mizigo yao mapajani.

Simu isiwe mkononi karibu na dirisha lililo wazi, hasa gari likisimama kwenye foleni. Tafadhali lishike hili. Nimewaona wageni wakipoteza simu zenye tiketi, pesa na namba ya mwenyeji wao kwa wakati mmoja. Andika namba hiyo kwenye karatasi pia.

Ukilipa kwa noti kubwa, mkumbushe makanga, yule anayekusanya nauli, chenji yako mapema. Ukikaribia, sema "shukisha steji" kwa sauti.

Hatua ya 6: Kurudi

Treni ya kuunganisha hutoka Stesheni Kuu kwa kufuatana na saa za SGR. Siku moja kabla, pita hapo uulize inaondoka saa ngapi. Ukiikosa utabaki na barabara, na kwa treni ya saa nne usiku hiyo ina maana ya kutoka tao mapema jioni, wakati Mombasa Road imejaa.