Paka Ameumia Ukucha: Namna ya Kumtibu Nyumbani

Huku kwetu Mbeya, mahindi yakishavunwa ndipo kesi za kucha za paka zinapoongezeka. Stoo zimejaa mifuko ya salfeti, panya nao hawakosi. Paka akiruka juu ya mifuko, ukucha unanasa kwenye nyuzi, anajivuta, unapasuka au kung'oka nusu. Mimi ni mtaalamu wa mifugo, na nakuhakikishia majeraha mengi ya aina hii yanatibika nyumbani. Kinachoua ni dawa anayopewa baadaye, kwa hiyo hatua ya 5 isome mara mbili.

1. Mshike vizuri. Paka mwenye maumivu hachagui wa kumuuma. Mviringishe kwenye taulo au kitenge kizito, kichwa kikiwa nje, kisha toa mguu ulioumia tu. Mmoja amshike, mwingine atibu. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.

2. Kagua. Bonyeza kidole taratibu juu na chini, ukucha utachomoza. Utaona sehemu ya rangi ya waridi ndani yake. Humo ndimo ulimo mshipa wa damu na neva. Kama ni ncha tu iliyopasuka, ondoa kipande kinacholegea kwa kikatia kucha chenye makali. Ukiwa unaning'inia kuanzia kwenye shina, au umejikunja ukachoma nyama ya chini ya kidole, usiuvute. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi.

3. Kata damu. Weka gozi au kitambaa safi, bana dakika 5 mfululizo bila kuchungulia. Kila ukifunua unabandua damu iliyokwisha kuganda. Ikiendelea, chovya ncha ya ukucha kwenye konflawa au unga wa ngano, ubane tena. Unga ni wa ncha ya ukucha, si wa kidonda cha nyama. Zikipita dakika 20 bado inatoka, mpeleke kwa daktari.

4. Osha. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache hadi yawe vuguvugu. Loweka mguu dakika chache, kausha hadi katikati ya vidole. Fanya asubuhi na jioni. Spiriti, mafuta ya taa, na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini, ziweke mbali kabisa: paka hujilamba, na unachompaka anakimeza.

5. Usimpe Panadol. Wala parasetamoli ya jina lolote, hata nusu kidonge. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu, na sumu yake huiharibu damu ikashindwa kubeba oksijeni. Fizi hugeuka kahawia au bluu, uso na miguu huvimba, anahema kwa shida, na wengi hufa. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni hatari. Kama mtu nyumbani ameshampa, usisubiri dalili; mkimbize kwa daktari pamoja na pakiti ya dawa. Mwenye maumivu makali anahitaji dawa ya paka, kwa kipimo cha uzito wake.

6. Mfungie ndani siku chache. Kidonda kidogo kiache wazi, bandeji iliyokazwa huvimbisha mguu. Kama anajisaidia kwenye mchanga, mwekee magazeti yaliyochanwachanwa badala yake, mchanga usiingie kwenye kidonda.

Kidole kikivimba, kikitoa usaha au harufu, au akiendelea kuchechemea baada ya siku 2, usimchome mabaki ya sindano ya ng'ombe. Maambukizi ya shina la ukucha yanaweza kufika kwenye mfupa. Mbebe kwenye katoni lenye matundu, si mikononi juu ya bodaboda, umfikishe kwa daktari.