Cherehani la zamani likikaza, usikimbilie kwa fundi

Mliorithi cherehani nyeusi za bibi, hili ni lenu. Hapa Tanga upepo wa bahari hauna huruma na chuma, na ukilipaka cherehani mafuta ya nazi kama nilivyofanya mimi, yanaganda na kuwa gundi. Gurudumu lilikataa kabisa kuzunguka!

Chomoa sindano, fungua skrubu mbili za kibati kilicho chini yake. Utakuta vumbi la nyuzi limeshindiliwa katikati ya meno yanayosukuma kitambaa, gumu kama kipande cha blanketi. Likwangue kwa mswaki mkuukuu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Toa na bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), usafishe pale inapokaa.

Palipoganda tia tone la mafuta ya taa (mbali na jiko, jamani), zungusha kwa mkono taratibu mpaka palainike, ufute. Kisha mafuta ya cherehani yenyewe, yale mepesi meupe, tone moja kila tundu na kila chuma kinaposuguana na chuma. Mkanda wa gurudumu usiguse mafuta, utateleza.

Shonea kwanza kitambaa chakavu, mafuta yaishie huko, si kwenye gauni la mtu.